MSHIRIKA AKIUZA ARDHI YA SHIRIKA: KUNYAMAZA SI SUBIRA



Sifa zote njema ni za Allaah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu katika imani, miongoni mwa mashitaka yanayotufikia sisi walimu wa madrasa baada ya darsa, ugomvi wa ardhi baina ya washirika wa biashara haukosekani. Sura yake karibu ni moja. Watu wawili wameaminiana, wamechanga fedha, wamenunua ploti au nyumba ili waijenge au waikodishe. Hati imeandikwa jina la mmoja wao kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo, na mwenziwe alikuwa Ghuba akitafuta riziki. Miaka imepita. Siku moja yule aliyekuwa safarini anasikia barazani kwamba mali imeuzwa. Akiuliza, anatolewa mkataba wa mauziano wenye sahihi asiyoitambua, au usio na sahihi yake kabisa.

Hapo ndipo linapokuja neno tunalotaka kulizungumzia leo. Jamaa zake, majirani zake, na wakati mwengine hata wazee wa msikiti humwambia: Nyamaza. Huyo ni ndugu yako. Usimpeleke Muislamu mwenzio kortini. Subiri, mwachie Mungu, wazee watakaa wayatengeneze.

Sisi tunaona ushauri huu, ingawa unatolewa kwa nia njema, mara nyingi humsaidia aliyedhulumu. Sulhu ni kheri, hatuna shaka. Lakini sulhu hutafutwa baada ya mali kufungwa isiuzwe wala isihamishwe. Wazee wanaokaa vikao vya miezi sita huku hati ikitembea kutoka mkono hadi mkono, hawakufanya sulhu, wamempa mwizi muda.

Tutazungumza kwa sheria za Kenya kwa kuwa ndiko tuliko. Msomaji wa Tanzania au Uganda atakuta majina ya sheria na ya mahakama ni mengine, basi amuulize wakili wa kwao.

DINI IMESEMA NINI

Wanafunzi wetu wa darasa za juu watakumbuka mlango wa shirika. Mali ya shirika ni amana. Kila mshirika ni wakili wa mwenziwe katika kile alichoruhusiwa, wala hana ruhusa ya kupita mpaka huo. Qur-aan katika Suuratu Swaad, aya ya 24, inatueleza kwamba wengi wanaochanganya mali hudhulumiana, isipokuwa walioamini na kutenda mema, nao ni wachache. Aya hii haikuteremka ili tuogope biashara. Imetuonya tu tusijifanye hatujui tabia ya binadamu pale fedha zinapochanganywa.

Ndiyo maana aya iliyo ndefu kuliko zote, Al-Baqarah aya ya 282, inahusu kuandika. Inaamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, na tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Tukumbuke kwamba walioambiwa hivyo kwa mara ya kwanza ni Maswahaba, watu waliokuwa wakiaminiana kuliko sisi. Basi anayesema kuandikishana ni kukosa imani, atueleze imani yake imeipita ya nani.

Je, mshirika akiuza ploti nzima bila idhini ya mwenziwe? Katika madhehebu ya Imaam Shaafi'iy, ambayo ndiyo tuliyosomeshwa wengi wetu wa pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba mauzo yanasihi katika fungu lake tu, na yanabatilika katika fungu la mwenziwe. Mnunuzi ambaye hakujua anayo hiyari ya kuendelea na fungu hilo au kurudisha na kurejeshewa thamani yake.

Na akiuza fungu lake peke yake kwa mtu wa nje? Hapo kuna haki ya shuf'a. Hadithi ya Jaabir (r.a.) inaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alihukumu shuf'a katika kila kisichogawanywa. Maana yake ni kuwa mshirika aliyebaki anaweza kulichukua fungu hilo kwa bei ile ile aliyouziwa mgeni. Lakini tazameni sharti waliloliweka wanavyuoni wetu: haki hii hudaiwa mara moja tu mtu apatapo habari. Akikaa kimya bila ya udhuru, imempita. Basi fiqhi yetu yenyewe inatufundisha kwamba kuchelewa hupoteza haki. Hayo mahakama za serikali zimeyakuta tu.

MFANO WA ZAYD NA AMRI

Vitabu vya fiqhi hupenda kupiga mifano kwa Zayd na Amri, na sisi tufanye hivyo. Zayd na Amri wametoa shilingi milioni 2 kila mmoja, wakanunua ploti ya milioni 4. Hati imeandikwa jina la Zayd peke yake. Baada ya miaka, Zayd ameandikiana na Bakri kumuuzia ploti kwa milioni 7, na Amri hakuambiwa.

Amri atafanya nini? Jibu linategemea jambo moja kuliko yote: amejua lini, na amefanya nini siku aliyojua.

Kuuza ardhi Kenya si jambo la siku moja. Kwanza huandikwa mkataba wa mauziano, mnunuzi hutoa arubuni, aghalabu asilimia 10. Kisha huwekwa muda wa kukamilisha, mara nyingi siku 90. Katika muda huo hutafutwa cheti cha kuthibitisha kwamba kodi za ardhi zimelipwa, hutafutwa ridhaa zinazotakiwa, hulipwa ushuru wa stempu (asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani), ndipo hati ya uhamisho ipelekwe kwa msajili wa ardhi. Mpaka msajili aandike jina la Bakri kwenye daftari, ploti bado ni ya Zayd kwenye rekodi.

Miezi hii mitatu ndiyo dirisha la Amri. Ndiyo hiyo hiyo miezi mitatu anayoambiwa anyamaze.

HATUA YA KWANZA: FUNGA MALI

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 71, inamruhusu mtu anayedai haki katika ardhi kuweka zuio la tahadhari kwenye daftari la msajili. Wengi hulijua kwa jina la kaveti. Amri hahitaji kuwa na hati mkononi. Anajaza fomu, anaapa kiapo cha maandishi kinachoeleza haki yake imetoka wapi, anaambatanisha ushahidi alio nao, na analipa ada. Zuio likishasajiliwa, msajili humjulisha mwenye hati, na uhamisho haupiti bila ya idhini ya aliyeweka zuio au amri ya mahakama.

Amri hakumtukana Zayd kwa kufanya hivyo, hakumfunga jela, wala hakumtangaza mwizi msikitini. Amefunga mlango tu ili wazungumze ndani. Huu ndio msingi wa rai yetu yote: zuio ni rafiki wa sulhu. Zayd anayejua kwamba mali haiwezi kuhama atakuja kikaoni. Zayd anayejua kwamba zimebaki wiki mbili alipwe milioni 7 atasema yuko safarini.

Pamoja na zuio, Amri amwandikie barua Bakri na wakili wake kuwaarifu kwamba ploti ina mshirika. Barua hii ina uzito mkubwa, kama tutakavyoona, kwa sababu baada yake Bakri hawezi tena kusema hakujua.

Lakini tuwe waadilifu. Anayeweka zuio kwa uonevu, bila ya sababu ya msingi, anaweza kuamriwa amlipe fidia mwenziwe aliyemtia hasarani. Zuio si silaha ya kumkomoa mshirika mliyegombana kwa mambo mengine. Na katika dini, anayedai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi, na anayekanusha huapa. Basi kabla hujakwenda kwa msajili, jiulize: nina nini mkononi?

Ushahidi ni risiti za benki, ujumbe wa M-Pesa, barua, mazungumzo ya simu yaliyohifadhiwa, risiti za mafundi, mashahidi waliokuwepo mlipohesabiana. Usifute ujumbe. Usibadilishe simu kabla ya kuhifadhi yaliyomo. Kuna watu ambao haki yao yote ilikuwa ndani ya simu iliyouzwa.

Ipo pia hali ya pwani yetu ambayo wenzetu wa bara huishangaa: nyumba bila ardhi. Mombasa wako wengi wanaomiliki nyumba ilhali uwanja ni wa mtu mwengine, nao humlipa mwenye ardhi kodi ya uwanja. Washirika wakinunua nyumba kama hiyo, hati ya ardhi iko kwa mwenye uwanja, na haki yao imo katika mkataba wa mauziano na risiti za kodi. Hapo, pamoja na kumuona wakili mapema, mwandikieni barua mwenye ardhi. Mara nyingi kwake ndiko anakokwenda mnunuzi mpya ili atambuliwe.

MAHAKAMA IPI?

Wengi wetu hukimbilia kwa Kadhi. Ni tabia nzuri kupenda hukumu ya dini, lakini tusipoteze muda. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 170, inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Ugomvi wa mkataba wa mauziano baina ya washirika haumo. Kadhi anaweza kuwasuluhisha kwa heshima yake kama mwanachuoni, lakini hana uwezo wa kumwamrisha msajili afute jina.

Mahakama yenye kazi hiyo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 na yenye daraja la Mahakama Kuu. Mahakimu waliopewa idhini nao husikiliza kesi za ardhi kulingana na thamani, na kwa sheria ya 2015 kikomo cha hakimu mkuu ni shilingi milioni 20. Ploti ya Zayd na Amri basi yaweza kusikilizwa kwa hakimu, kwa gharama ndogo kuliko Mahakama Kuu.

AMRI ANAWEZA KUOMBA NINI?

1. Amri ya muda ya kuzuia. Mahakama humzuia Zayd asiuze, asihamishe wala asibomoe mpaka kesi iishe. Tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973, majaji hupima mambo matatu: kama mdai ana kesi yenye kuonekana, kama atapata madhara yasiyofidika kwa fedha, na kama kuna shaka, basi upande gani utaumia zaidi. Aliyechelewa miezi bila ya sababu hujidhoofisha mwenyewe hapa.

2. Kutangazwa kuwa ana fungu. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinasema kuandikishwa hakumwondolei mtu wajibu wake kama mdhamini wa mali ya mwenziwe. Mwishoni mwa 2023, katika kesi iliyohusu kampuni ya Mombasa Bricks and Tiles, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikubali kwamba amana inaweza kuingizwa katika mkataba wa mauziano ya ardhi na ikaishinda hati iliyosajiliwa. Hukumu hii ni faraja kwa wale ambao jina lao halimo katika hati. Lakini ni lazima wathibitishe makubaliano.

3. Kubatilishwa kwa mkataba au hati. Kifungu cha 26 kinasema hati ni dalili ya umiliki, na inaweza kupingwa pakiwa na ulaghai au udanganyifu ambao mwenye hati alishiriki, au ikiwa imepatikana kinyume cha sheria, bila ya utaratibu au kwa njia ya rushwa. Kifungu cha 80 kinaipa mahakama uwezo wa kuamrisha daftari lirekebishwe. Na mkataba wenyewe ukikosa kuandikwa, kutiwa sahihi na pande zote na kushuhudiwa, Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3, hairuhusu mtu kushitaki kwa huo.

4. Hesabu ya shirika. Amri anaweza kudai Zayd atoe hesabu kamili: kodi iliyokusanywa, gharama, faida. Anaweza kudai shirika livunjwe na mali igawanywe.

5. Fidia. Pale ambapo ardhi haiwezi kurudi, alipwe fungu lake kwa thamani, pamoja na hasara aliyopata.

6. Mashitaka ya jinai. Kughushi sahihi ni kosa la jinai, na polisi wana wataalamu wa kuchunguza maandishi. Lakini eleweni kwamba kifungo cha Zayd hakirudishi ploti. Kesi ya jinai na kesi ya madai ni mbili, na anayetaka mali yake asitegemee ile ya polisi peke yake.

Tuongeze tanbihi. Tuhuma ya ulaghai si neno la kurusha ovyo. Mahakama hutaka ielezwe kinagaubaga, nani alifanya nini na lini, na hutaka ithibitishwe kwa kiwango kilicho juu ya kile cha kesi za kawaida za madai. Mwenye kusema tu kwamba amedhulumiwa, bila ya karatasi, huondoka mikono mitupu na gharama juu yake.

Kama Zayd na Amri wote wawili wameandikwa kwenye hati kwa mafungu, mambo ni mepesi zaidi. Kifungu cha 91 hakimruhusu mmoja kulitoa fungu lake kwa mtu wa nje bila ya idhini ya maandishi ya mwenziwe, ingawa idhini hiyo isizuiliwe bila ya sababu ya maana. Mwanafunzi wa fiqhi atatabasamu hapa, kwani si mbali na ile shuf'a aliyoisoma.

MNUNUZI ALIYEINGIA KATIKATI

Sasa tuseme Amri alinyamaza, na Bakri ameshaandikwa. Hapa ndipo watu wengi huumia.

Bakri akiwa alijua kwamba ploti ina mshirika, hana pa kujifichia. Lakini Bakri akiwa hakujua, ametoa fedha zake kwa njia ya halali na yuko ndani ya ploti, kifungu cha 80 kinamkinga ili daftari lisirekebishwe dhidi yake, isipokuwa ikithibitika alijua kasoro au ulaghai, au alichangia kwa kitendo au uzembe wake. Amri atabaki kumdai Zayd fedha. Na Zayd huenda ameshazimaliza.

Kwa upande wa pili, anayenunua naye asidhani hati ni ngao ya kila kitu. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha ufuoni Nyali, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hati iliyotokana na ugavi uliokosa utaratibu haiwezi kumlinda hata aliyenunua baadaye. Asili ya hati lazima iwe safi. Basi anayenunua kwa watu wa shirika aulize: washirika ni nani? Wako wapi? Wametia sahihi? Akiambiwa mwengine yuko Muscat na ametoa wakala, auone wakala wenyewe na ampigie simu mwenyewe.

Jambo jengine ni muda. Kudai kwa mkataba kuna kikomo cha miaka 6, na kudai ardhi ni miaka 12. Palipo na ulaghai, muda huanza kuhesabiwa pale mtu alipoujua au alipoweza kuujua kwa bidii ya kawaida. Na kama ni ardhi ya kilimo katika eneo lenye udhibiti, mauzo yanahitaji idhini ya bodi ya ardhi, ombi lipelekwe ndani ya miezi 6, la sivyo mkataba hubatilika na kilichobaki ni kudai kurejeshewa fedha. Miaka ya kusubiri wazee nayo inahesabiwa.

SULHU NA TAHKIIM

Wapo watakaosema: Mwalimu anawahimiza watu wagombane kortini. La hasha. Sisi tunataka sulhu iwe sulhu ya kweli.

Tazameni alivyosuluhisha Mtume (s.a.w.). Ka'b bin Maalik (r.a.) alimdai mtu deni ndani ya msikiti, sauti zikapanda. Mtume akatoka chumbani kwake, akamwashiria Ka'b asamehe nusu. Ka'b akakubali. Hapo hapo Mtume akamwambia mdaiwa ainuke alipe. Haikuwa sulhu ya kumnyamazisha mwenye haki, halafu mdaiwa aende zake. Mmoja amesamehe, mwengine amelipa, na jambo limekwisha katika kikao kimoja.

Sheria ya Kenya nayo inaipa sulhu nafasi. Ibara ya 159 ya Katiba inahimiza njia mbadala za kumaliza migogoro. Sheria ya Usuluhishi ya 1995 inawaruhusu wahusika kuchagua msuluhishi wao na kanuni za kumuongoza. Maana yake, washirika Waislamu wanaweza kuandika tangu mwanzo katika mkataba wao kwamba wakikhitilafiana, mwamuzi awe mtu mjuzi wa fiqhi ya biashara, na uamuzi wake upelekwe Mahakama Kuu ili utambuliwe na utekelezwe. Mahakama hiyo inaweza hata kutoa amri ya kuilinda mali wakati msuluhishi anasikiliza. Hii ndiyo tahkiim tuliyoisoma, na inafaa kutumiwa zaidi kuliko inavyotumiwa sasa.

Kasoro yake ni moja: uamuzi wa msuluhishi huwabana waliokubaliana tu. Haumbani Bakri. Kwa hiyo tunarudi pale pale, zuio kwanza.

Na wazee wa msikiti wanaposuluhisha, tunawaomba mambo matatu: waandike makubaliano na kila mtu atie sahihi mbele ya mashahidi, waweke tarehe ya utekelezaji, na kama kesi imeshafunguliwa, makubaliano yapelekwe kortini yasajiliwe kuwa amri. Hadithi imetufundisha kwamba sulhu inafaa baina ya Waislamu ila ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kumshurutisha mtu aache nusu ya mali yake ili jina la mtaa lisiharibike, hatujui ni sulhu ya namna gani.

HUKUMU HAIFANYI HARAMU KUWA HALALI

Tuna neno pia kwa Zayd. Huenda akashinda. Huenda Amri hana risiti, shahidi wake amekufa, na wakili wa Zayd ni hodari. Suuratul-Baqarah aya ya 188 inakataza kulana mali kwa batili na kuzifikisha kwa mahakimu ili kula sehemu ya mali ya watu kwa dhulma na hali mtu anajua. Aya haimkatazi aliyedhulumiwa kwenda kwa hakimu. Imemkataza mwenye kwenda huko kuhalalisha wizi.

Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Ummu Salamah (r.a.), alieleza kwamba yeye ni binadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa fundi wa kutoa hoja kuliko mwenziwe. Anayepewa haki ya nduguye kwa namna hiyo, amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haimhalalishii mtu haki ya mwenziwe, basi muhuri wa korti na hati ya msajili vitamhalalishia vipi? Na imekuja katika hadithi nyengine kwamba anayedhulumu shibri moja ya ardhi atavishwa ardhi saba Siku ya Kiyama. Ploti ya mtaani ina shibri ngapi?

NASAHA KWA FAMILIA

Mambo haya hayawahusu wanaume wa biashara peke yao. Shirika hukatika kwa kifo, na mara nyingi ugomvi wenyewe huanza siku ya matanga. Mjane hajui mumewe alichanga nini na nani. Watoto ni wadogo. Mshirika aliyebaki anasema marehemu alishauza fungu lake, na anatoa karatasi. Hapo mayatima ndio wanaoliwa mali yao. Kuthibitisha warithi ni kazi ya Kadhi, na ukienda huko mapema, warithi watapata nguvu ya kuidai haki ya marehemu katika mahakama inayohusika.

Basi tunawausia:

- Jina la kila mshirika liingie katika hati, pamoja na fungu lake. Isipowezekana, liandikwe tamko la amana, litiwe sahihi na lishuhudiwe.
- Mkataba wa shirika uandikwe na wakili, useme nani anaruhusiwa kuuza, na kwa idhini ya nani.
- Mke, au mtoto mkubwa, ajue karatasi ziko wapi.
- Aliye ng'ambo aombe rekodi ya msajili ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Ada yake ni ndogo mbele ya thamani ya ploti.
- Ukisikia habari ya mauzo, siku hiyo hiyo anza safari ya kwenda kwa msajili na kwa wakili. Jioni nenda kwa wazee.

Subira ni ibada tukufu. Lakini subira ni kuvumilia yale ambayo mja hana uwezo nayo, na kushikamana na haki katika yale anayoyaweza. Anayeacha mlango wazi mwizi akiingia, kisha akasema anasubiri, amelipa uzembe jina la ibada. Na wanaolipa gharama ya kimya chake ni wanawe.

Tunamuomba Allaah (s.w.) azitakase mali zetu, atuepushe na dhulma ya kudhulumu na ya kudhulumiwa, aziunganishe nyoyo za washirika wetu, na awajaalie viongozi wetu wawe wasuluhishi waadilifu. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.